Hapo Hapo

Enzi za chenga kulikuwa na msamaha.
Mpira ulipita katikati ya mchele uliomwagika,
mtangazaji alikuwa kivuli, tukamjua kwa koti lake,
na bao likiingia tulilishangilia pamoja na chenga zake.

Kisha kikaja king'amuzi,
kisanduku cheusi kisichojua nusu wala robo.
Ama unaona hadi kishikizo cha shati la msoma habari,
ama kioo kinakwambia, kwa ustaarabu kabisa:
Hakuna mawimbi.

Baba akapanda juu ya bati. Kigwe, mwezi wa nane,
upepo wetu ule unaosaga vumbi hadi kwenye magego.
Mlingoti ulikuwa bomba la kisima kilichokauka.
"Elekeza mjini, Elimeleki," mama akasema,
kana kwamba mjini ni mtu amesimama pale anasubiri.
Mnara wenyewe hatukuuona. Tuliamini tu
kwamba uko huko mashariki, nyuma ya vilima,
unamwaga hewani kwaya na taarabu na bei ya alizeti,
na kwamba sisi nasi tuna mgao wetu.

Mimi ndani. Miaka kumi na miwili, msoma asilimia.
Thelathini na nne. Arobaini. Thelathini.
"Hapo?"
"Bado!"
"Hapo?"
"Umepitiliza! Rudi. Rudi kidogo!"
"Hapo?"
Sauti yake ikaanza kukauka.
Nilisikia magoti yake yakihama-hama kwenye bati la moto.
Arobaini na nane, na mstari wa ubora bado wa njano.
Nikasema, "Hapo hapo!"
Akakaza waya. Akashuka viganja vimemwiva.
Chaneli tatu. Akanipa mkono kama mtu mzima.

Kwa uongo ule tuliishi miaka tisa.
Wingu dogo tu likipita, mtangazaji anaganda mdomo wazi,
uso unavunjika viraba viraba,
penalti inapigwa na hatujui iliingia au la
hadi jirani yetu Mhawi apige kelele.
Baba alilaumu mvua. Alilaumu mnara.
Alikipiga kisanduku kofi: "Wewe hung'amui kitu!"
Mimi nilikuwa nainama,
natafuta chini kitu ambacho sikukiangusha.

Leo niko juu mimi.
Nimekuja likizo na antena mpya ya sokoni Majengo,
na nati zake, na spana ya kuazima.
Baba ndiye aliye ndani. Macho yameota ukungu,
asilimia haioni tena; anapima kwa sikio,
sauti ikikwama, sauti ikinyooka.

"Hapo, Baba?"
"Bado. Kushoto."
"Kushoto kwangu au kwako?"
"Kushoto kwa mnara!"
Nageuza upana wa kidole gumba.
Treni ya mizigo inapita, bati lote linatetemeka,
nalikumbatia bomba kama mlevi.
"Hapo?"
"Inasema kidogo. Imenyamaza."
Jua limekaa utosini. Jasho linaingia jichoni,
mikono ya chuma inanichoma kwa zamu.
"Hapo?"
Kimya kirefu, hata nikadhani amesinzia.
"Hapo hapo, Nehemia! Inaongea kama mtu! Shuka!"

Nikakaza nati. Nikashuka.

Kioo kimejaa buluu, tupu,
na katikati yale maneno mawili.
Mzee ameketi wima mbele yake
kama anayetazama fainali,
kikombe kimoja mkononi,
kingine mezani kimefunikwa kisahani, changu.

"Jua kali," akasema.
Akanisogezea kiti kwa mguu.
"Hata siku ile lilikuwa kali. Kunywa."